Kwa nini betri ya mlango wa banda huisha wakati mota imetulia

Swali: "Mimi ni mfugaji wa kuku karibu na Mbale. Nimetengeneza mlango wa banda unaojifungua kukipambazuka na kujifunga jioni. Mota ni ya kioo cha gari, niliinunua Kisekka, soko la vipuri, nilipoenda Kampala. Bodi ni Arduino Uno, ile ya kuandikiwa programu, rilei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) ni ile moduli ya buluu yenye rilei mbili, na kuna LM2596 ya kushusha volti 12 hadi 5. Kihisi mwanga ndicho kinachoiambia bodi kama kumekucha. Mlango hupanda kwa sekunde sita hivi, halafu swichi ndogo ya kikomo inakata mota. Betri ni mpya, ya volti 12, ampia-saa 7, na inachajiwa na paneli ya wati 10 kupitia kidhibiti chaji. Jua likiwaka, hakuna tatizo. Mvua ikishika siku mbili mfululizo, asubuhi ya tatu mlango haufunguki na betri inasoma volti 10 na kitu. Usiku nikichungulia kwenye kisanduku naona taa ya bodi inawaka na taa moja ya rilei pia. Fundi wa hapa ananiambia mota ya gari inakula sana, ninunue betri ya ampia-saa 40 na paneli ya wati 50. Rafiki yangu anasema niweke mota ndogo. Mimi nimesoma kwamba Arduino inaweza kulazwa, yaani kuwekwa usingizini ili itumie umeme kidogo. Nifanye lipi kati ya hayo?"

Kwanza, ndugu yangu, usinunue kitu bado. Si betri, si paneli, si mota. Naielewa haraka yako, maana kuku waliofungiwa hadi saa nne bila maji ni hasara, na mlango uliogoma kushuka jioni ni karamu ya nguchiro na kicheche. Lakini katika maelezo yako umeshataja mwizi wa umeme wako bila kumjua. Ni ile taa ya rilei inayowaka usiku. Nitaifikia.

Fundi wako hajasema uongo kwamba mota ya kioo cha gari inakula. Inakula kweli. Ikivuta mlango mwepesi huchukua ampia 3 hadi 5, na ikikwama inaweza kupita ampia 15. Kosa la hesabu yake ni kwamba ameangalia ukubwa wa mkondo akaacha muda. Betri haihesabu ampia peke yake, inahesabu ampia mara saa. Tuchukue ampia 4 kwa sekunde 6, mara mbili kwa siku: 4 mara 6 mara 2 ni ampia-sekunde 48. Gawa kwa 3,600 upate ampia-saa. Inatoka 0.013, yaani miliampia-saa 13 kwa siku nzima. Kwa hesabu hiyo peke yake, hata ukitumia nusu tu ya betri yako ya ampia-saa 7, mota ingeweza kufungua na kufunga kwa zaidi ya miezi minane bila jua kuigusa paneli.

Sasa tazama upande wa pili. Arduino Uno yenyewe, bila kufanya lolote la maana, huchukua takriban miliampia 45 kwenye volti 5. Rilei ya buluu ya volti 5 ina koili ya omu 70 hivi, kwa hiyo ikishika inavuta miliampia 70 na ushee, ukijumlisha taa yake na kipande cha mwanga kinachoitenganisha na bodi unakaribia 80. Jumla ni kama miliampia 125 kwenye volti 5. LM2596 nayo inakata ushuru wake wa kubadilisha volti, na mzigo unapokuwa mdogo hivyo ushuru huo ni mkubwa. Kwenye betri hiyo inaonekana kama miliampia 70. Zidisha kwa saa 24: miliampia-saa 1,680 kwa siku. Linganisha na 13 za mota. Mfumo wako ni bodaboda anayesubiri abiria stejini kutwa kucha huku injini inaunguruma, kisha mwenyewe analalamika kwamba ile safari fupi ya kwenda sokoni ndiyo iliyomaliza petroli.

Ongeza kidhibiti chaji. Vingi vya bei ya kawaida huandikwa kwamba vyenyewe hutumia hadi miliampia 10. Hizo ni miliampia-saa 240 nyingine kwa siku. Kwa hiyo mfumo mzima unakula kama ampia-saa 1.9 kila siku. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo una ampia-saa 3.5 za kutumia kwa amani. Gawa: siku mbili kasoro kidogo. Ndiyo maana mvua ya siku mbili inakuangusha asubuhi ya tatu. Hesabu na hali halisi zimekutana, jambo ambalo linanipa imani kwamba betri yako haikuwa mbovu tangu dukani. Sasa hivi, hata hivyo, huenda imeshaumia, nami nitaeleza jinsi ya kujua.

Turudi kwenye ile taa ya rilei. Naamini programu yako imeandikwa hivi: kukiwa na mwanga, washa rilei ya kupandisha, kukiwa na giza, washa rilei ya kushusha. Mlango ukifika mwisho, swichi ya kikomo inakata mota, nawe unaona kila kitu kimetulia. Mota imetulia kweli. Rilei haijatulia. Koili yake inaendelea kushika saa kumi na mbili nzima ikipeleka umeme kwenye swichi iliyokwisha kujifungua. Nenda usiku uweke kidole juu ya kile kisanduku cha buluu ambacho taa yake inawaka, kisha juu ya mwenzake. Cha kwanza utakikuta vuguvugu. Joto hilo ndilo betri yako.

Wengi huiacha rilei imeshika kwa makusudi, wakidhani kwamba ikiachia mlango utaanguka. Kwa mota ya aina yako hofu hiyo haina msingi. Ndani yake kuna skrubu inayozungusha gurudumu la meno. Skrubu inaweza kulizungusha gurudumu, ila gurudumu haliwezi kuisukuma skrubu irudi nyuma. Ndiyo sababu kioo cha gari hakishuki chenyewe hata ukikisukuma kwa mkono. Mlango wa banda wa kilo moja au mbili utakaa juu bila umeme wowote. Hii pia ndiyo sababu nakuomba usifuate ushauri wa kuweka mota ndogo. Mota ndogo nyingi za gia za kawaida hurudi nyuma zikiachiwa, na hapo ndipo ungelazimika kweli kuzipa umeme wa kushikilia mlango kutwa. Mota yako ya Kisekka ni chaguo zuri kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama. Badilisha programu: washa rilei inayohitajika, subiri sekunde 10, zima rilei zote mbili. Mlango unahitaji sekunde 6, hizo nne za ziada ni za siku ambayo betri imechoka au njia ya mlango ina matope. Angalia jambo moja: moduli nyingi za buluu huwaka pini ikiwa chini na kuzima ikiwa juu, kinyume cha unavyotarajia. Hakikisha kwa macho kwamba baada ya sekunde 10 taa zote mbili za rilei zimezimika. Mabadiliko haya peke yake yanashusha mkondo wa betri kutoka miliampia 70 hadi kama 27. Ukijumlisha kidhibiti, siku mbili za mvua zinakuwa karibu nne. Wapo watakaosimama hapo, na si aibu.

Swali lako la Arduino kulala linahitaji jibu refu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wanasoma kwamba chipu ya ATmega328P, ambayo ndiyo ubongo wa Uno, ikilala hutumia chini ya mikroampia moja, wanaandika programu ya kuilaza, wanapima, wanakuta bodi bado inakula makumi ya miliampia. Wanadhani programu imekosewa. Haijakosewa. Chipu imelala, ila bodi haijalala. Kwenye Uno kuna chipu ya pili inayoshughulikia waya wa USB, na hiyo haikusikia amri yako. Kuna taa ya umeme inayowaka daima. Kuna kirekebishi cha volti kinachotumia mkondo wake hata kama hakuna anayekihitaji. Programu haina mkono wa kuvifikia vitu hivyo. Kwa hiyo jibu la moja kwa moja: kuilaza Uno peke yake hakutoshi, wala hakukaribii kutosha. Uno ni bodi ya mezani, ya kujifunzia na kujaribia. Haikuundwa kuishi kwenye betri.

Njia ya kutoka ni kuitoa chipu kwenye bodi. ATmega328P ya miguu 28 unaweza kuichomoa kwenye soketi ya Uno yako ile ile, kama Uno yako ni ya aina hiyo, ukaipanda kwenye ubao mdogo wa kuchomelea. Ikitumia saa yake ya ndani ya megaheti 8 haihitaji hata kioo cha kristali. Kama kuchomelea si kazi yako, tafuta bodi ndogo ya Arduino iitwayo Pro Mini, uing'oe taa ya umeme na kirekebishi chake. Kabla ya kuilaza chipu, programu izime kipimo cha analogi, yaani sehemu ya chipu inayosoma volti za kihisi. Kikisahaulika, kinaendelea kula mikroampia mia kadhaa usingizini, na huwezi kukiona kwa macho.

Chipu ikishakuwa peke yake, LM2596 inakuwa ndiyo mlaji mkubwa. Karatasi yake ya kiwandani inasema hutumia miliampia 5 kwa kawaida, hadi 10, kabla hata hujaunganisha chochote upande wa pili. Ni kifaa kizuri cha kulisha ampia moja au mbili. Kulisha chipu iliyolala ni kumkodi dereva wa lori abebe barua. Badala yake weka kirekebishi kidogo chenye mkondo mdogo wa kujiendesha. HT7550-1 kwa mfano kinatoa volti 5, kinavumilia volti 24 kwenye mlango wake wa kuingilia, na chenyewe hutumia mikroampia 2.5 hivi. Nimetaja hiyo 24 kwa makusudi. Vipo vingine vinavyosifiwa sana kwa ubahili, kama MCP1702, ambavyo mwisho wake ni volti 13.2. Betri yako ikiwa kwenye chaji hufika volti 14.4. Kingeweza kufa siku ya kwanza ya jua kali, na kwa kawaida kirekebishi kikifa hivyo hakiendi peke yake. Usichukue 7805 ukidhani ni jibu, nacho hutumia miliampia 4 hadi 8 bila kazi.

Ila HT7550-1 hutoa miliampia 100 tu, haiwezi kuzibeba rilei za buluu kwa raha. Hapo ndipo ningependa uachane na moduli hiyo kabisa. Ukirudi Kisekka chukua rilei mbili za gari za volti 12, zenye miguu mitano. Unaziona namba zake chini: 85 na 86 ni koili, 30 ndio mguu wa pamoja, 87 ndio unaounganishwa rilei ikishika, na 87a ndio unaounganishwa ikiwa imeachia. Mguu 30 wa kila rilei nenda nao kwenye waya mmoja wa mota, 87 kwenye chanya kupitia fyuzi, 87a kwenye hasi. Zikiwa zimeachia zote, waya zote mbili za mota ziko kwenye hasi na hakuna tone linalotoka. Koili ya rilei ya gari huvuta kama miliampia 140, nyingi kuliko ile ya buluu, lakini ni kwa sekunde 10 tu asubuhi na 10 jioni. Kila koili iendeshwe na transista, na hapa usiokoteze iliyo karibu. BC547 ambayo kila fundi wa redio anayo mwisho wake ni miliampia 100. Tumia BC337 au 2N2222, resista ya omu 470 kwenye besi (mguu wa transista unaopokea amri ya chipu), nyingine ya kiloomu 10 kutoka besi kwenda hasi ili isije ikawaka ovyo wakati chipu inaamka, na diodi ya 1N4007 kinyumenyume juu ya koili. Bila diodi hiyo, koili ikiachia hurusha volti kali zinazoua transista.

Kuna watakaokuambia rilei ni ushamba, tumia daraja la transista, yaani sakiti inayoendesha mota pande zote mbili bila rilei, kama BTS7960. Silipingi. Ni imara, linabeba mota hii bila jasho, na unaweza kuanzisha mlango polepole. Katika kulala pia ni hodari: kila chipu yake hutumia kama mikroampia 7, na moduli ina chipu mbili. Lakini sharti ni moja, na michoro mingi inayosambaa imelivunja. Pini zake mbili za kuruhusu, zilizoandikwa R_EN na L_EN, huonyeshwa zimefungwa moja kwa moja kwenye volti 5. Zikifungwa hivyo daraja halilali kamwe, linakula miliampia kadhaa hata mota ikiwa imesimama. Zipeleke kwenye pini za chipu yako na uzishushe kila baada ya kazi. Kisha kuna mtego wa pili: ukikata umeme wa moduli lakini ukaacha pini nyingine za chipu zikiwa juu, umeme unapenya kupitia pini hizo na kuilisha moduli kwa mlango wa nyuma. Shusha pini zote za daraja kwanza, ndipo ulale. Kwa mlango unaofanya kazi mara mbili kwa siku, mimi ningebaki na rilei za gari. Zikiharibika, mtu yeyote wa magari Mbale anajua kuzibadilisha.

Kihisi mwanga nacho ningekitoa, na sababu kubwa si umeme. Kwenye umeme kinakula nusu miliampia hivi mchana, kitu unachoweza kukipunguza kwa kukilisha kutoka pini ya chipu wakati wa kusoma tu. Tatizo ni kwamba ukitegemea mwanga lazima uamke kila mara kuuangalia, na wingu zito la saa tisa alasiri linaweza kukufungia mlango kuku wakiwa nje. Sisi tuna bahati ambayo wafugaji wa Ulaya hawana. Mbale iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasorobo au kasoro dakika chache asubuhi, mwaka mzima, na kuzama kwa tofauti hiyo hiyo ya kama nusu saa jioni. Kwa nini basi umuulize jua wakati saa inatosha? Fungua saa moja asubuhi, funga saa moja na dakika ishirini usiku, na hutahitaji kugusa programu Januari wala Julai.

Saa ya kutumia ni DS3231. Unaipa kengele mbili, chipu inalala fofofo, kengele ikifika pini ya saa inashuka na kuiamsha. Ile moduli yake ya kawaida ina mambo matatu ya kurekebisha. Ina taa, ing'oe. Ina sakiti ya kuchaji betri ya kifungo, ambayo ni hatari ukiweka CR2032 kwa sababu betri hiyo haichajiki, kwa hiyo ng'oa ile diodi au resista iliyo kando yake. Na pini ya kengele ina resista ya kiloomu 4.7 inayoivuta juu. Kengele ikilia na wewe usiifute, pini inabaki chini na miliampia moja nzima inavuja hadi kengele ijayo. Ifute mara tu unapoamka, kabla hata ya kugusa rilei.

Ukifanya yote hayo, mkondo wa kusubiri utakuwa chini ya mikroampia 200, sehemu kubwa ikiwa ya saa yenyewe. Hiyo ni miliampia-saa 5 kwa siku. Wapo watakaotaka ushuke hadi mikroampia 5, na kwenye kifaa kinachoendeshwa na betri ya kifungo wangekuwa sahihi. Kwako haina faida. Betri ya risasi hujimaliza yenyewe ikiwa imekaa, kama asilimia 3 kwa mwezi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na zaidi kukiwa na joto. Kwa betri yako hiyo ni miliampia-saa 7 kila siku hata ukiifungia kabatini. Ukishafika chini ya hapo, unashindana na kemia ya betri, na usiku wako una matumizi bora.

Anayebaki sasa ni kidhibiti chaji na miliampia 10 zake. Usikitoe. Paneli ya wati 10 isiyo na mzigo hutoa volti 20 na zaidi, nayo ingeichemsha betri yako polepole. Hata siku ya mawingu mazito paneli hiyo bado hutoa sehemu fulani ya umeme wake, na mara nyingi sehemu hiyo inamtosha kidhibiti na mlango kwa pamoja. Betri ya ampia-saa 40 ingefanya kazi, sikatai. Ingekupa wiki nzima ya mvua ukiwa na mfumo ule ule mbadhirifu. Lakini ungekuwa umenunua betri kubwa ili kupasha moto kisanduku cha rilei. Inakuwa na maana siku utakapoongeza taa ya vifaranga au pampu ya maji.

Kabla ya kuanza na baada ya kila hatua, pima. Ile mita ya njano inayouzwa kila duka la umeme inatosha ukiitumia kwa adabu. Tundu la ampia 10 mara nyingi halina fyuzi, na la miliampia lina fyuzi ndogo ambayo mota yako itaikata kwa kufumba na kufumbua. Anza na tundu la ampia 10, mita ikiwa katikati ya chanya ya betri na mfumo. Leo utaona kama 0.07. Mkondo ukishakuwa mdogo, achana na tundu la miliampia, weka resista ya omu 100 katika njia ya chanya ya chipu peke yake, na waya wa kuiruka resista hiyo. Acha waya umefungwa chipu inapowaka, subiri ilale, fungua waya, upime volti kwenye ncha za resista. Milivolti 20 ni mikroampia 200. Ukisahau kurudisha waya kabla chipu haijaamka, volti inaanguka na chipu inaweza kujizima na kuwaka upya tena na tena. Usiogope, ndivyo ilivyo.

Fyuzi ya ampia 15 iwe karibu kabisa na nguzo ya chanya ya betri, si kwenye kisanduku. Betri ndogo ya risasi ikigusanishwa nguzo inaweza kuwasha waya moto, na banda lako lina maranda.

Kuhusu betri yenyewe: imeshushwa hadi volti 10 zaidi ya mara moja, na ikiachwa imeshuka hivyo, sahani zake hushika ukoko unaozuia chaji. Ichaji ijae, iache imepumzika usiku mzima bila kuunganishwa, pima asubuhi. Ikisoma 12.7 au zaidi, bado ina uhai. Ikisoma 12.2 baada ya chaji kamili, au ikianguka chini ya 11 mota inapoanza, ipeleke kwa mtu mwenye kipima betri cha mzigo. Duka lolote la betri za gari Mbale litakuwa nacho. Ikiwa imevimba au inanuka mayai viza, usiichaji tena hata kidogo, itoe nje na uipeleke kwa wanaonunua betri kuukuu. Kwa kuchomelea na kupanga sakiti, walimu na wanafunzi wa Uganda Technical College Elgon hapo Mbale wana vifaa vya kupimia ambavyo wewe huna, na mlango wa banda ni mradi ambao wangefurahia kuushika. Na siku utakapotaka kuweka chaja ya umeme wa gridi kwenye banda kwa ajili ya msimu wa mvua, hapo usijaribu mwenyewe wala kumwita rafiki: mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, umwombe akuonyeshe kibali kabla hajafungua boksi la vifaa.